Radhi Isiyo na Tozo ya Mafuta

Mwanangu Idrisa,

Salamu umeshazipata. Asubuhi umenipa shikamoo, nami nimekuitikia marahaba, na mazungumzo yetu yakaishia hapo, kama yalivyoishia jana na juzi na siku zote tangu tulipotoka kwa Dativa kukata tiketi. Sasa ni alasiri. Umekwenda Kituntu kumuaga shangazi yako, na mimi nimekaa dukani nyuma ya kaunta na kalamu mkononi. Mteja akiingia naifunika barua kwa kanga, maana hapa Kayanga ukionekana unaandika wataanza kusema unaandika wasia. Kesho alfajiri gari litakuchukua kwenda uwanja wa Bukoba, na kutoka hapo ni ndege mpaka Dar es Salaam, kisha Maskati, kwenye kazi yako ya kutengeneza viyoyozi.

Sikuandikii mambo ya kuvaa sweta ndani ya ndege, wala kuficha pasi ya kusafiria, wala kula ushibe. Hayo shangazi yako atakueleza mpaka masikio yachoke. Jana alileta mkungu wa ndizi akitaka uende nao Maskati. Nikauweka kwenye mizani ya kahawa nikamwonyesha: mkungu peke yake unakaribia kumaliza mzigo wote unaoruhusiwa. Akasema, "Ndege nzima inashindwa kubeba mkungu mmoja?" Nikamwambia si kushindwa, wifi yangu, kila kilo inakula mafuta na mafuta yana mwenyewe. Akanuna. Ameacha senene tu, waliokaangwa wakakauka, na hao nimewatia ndani ya viatu vyako vipya.

Ninalotaka kuliandika ni lile neno. "Radhi yangu utaikuta hapa siku utakayorudi." Nililisema kibandani kwa Dativa, uliponiambia unakata tiketi ya kwenda tu. Wewe na mimi tunajua uzito wake. Babu yako alitoka Pangani na marobota ya vitambaa kuja kufungua duka huku milimani, naye alikuwa akituambia kwamba mtaji wake wa kwanza ulikuwa radhi ya mama yake, vitambaa vilifuata. Mtoto hasafiri bila hiyo. Akisafiri bila hiyo, kila tairi likipasuka, kila homa ikimshika, atajiuliza. Na mimi nimekufanya uwe wa kujiuliza. Nimekuona jana unafunga sanduku, unafunga polepole kama mtu anayefunga mzigo wa mwenzake.

Nataka ujue neno lile nililitoa wapi. Sijui kama mwisho wa barua nitalifuta au nitalitetea. Unanijua, nikianza ubishi hata karatasi nitaibishia.

Siku chache kabla, Dativa alikuwa ametutajia bei, tukarudi nyumbani tukajipanga. Tulipokwenda kukata, bei ikawa nyingine. Mimi nikawaka pale pale. "Dativa, binti yangu, hiyo ndege imekula nini tangu juzi?"

Yule mtoto wa wakulima wa Kiruruma ni mpole, hakukasirika. "Mama, imekula mafuta," akasema.

Akatugeuzia kioo cha kompyuta tuone wenyewe. Nauli mstari wake, ada ya uwanja mstari wake, begi la pili mstari wake, na katikati pale, mnono kuliko nilivyotegemea, mstari wa tozo ya mafuta. Nikauliza swali la mjinga, maana asiyeuliza hana ajifunzalo. Kwani nauli si ndiyo mafuta? Mimi kwa kenta yangu ya kubebea ndizi simtozi mtu nauli, kisha nikamgeukia tena kumdai hela ya dizeli.

Akatueleza vizuri. Katika gharama zote za ndege, mafuta ni miongoni mwa zile kubwa kabisa, na yananunuliwa kwa dola. Vita ikizuka huko mbali, au shilingi yetu ikilegea, sisi wa Kayanga tunaisoma kwenye tiketi. Tena ndege zinazotua Bukoba ni ndogo, viti vichache, mafuta yanagawanywa kwa watu wachache, kila mmoja anabeba fungu kubwa. Hilo nililielewa bila kuelezwa mara mbili. Kenta ikirudi kutoka Rugera na mikungu ya kuhesabika, dizeli inayokunywa haitofautiani sana na ile ya siku iliyojaa.

"Sasa mbona wameitenga peke yake?" nikamuuliza.

"Wanasema ni ya muda, mama. Mafuta yakishuka wanaiondoa."

Hapo nikacheka. Wewe ulinitazama kwa jicho baya, ukadhani namdharau binti wa watu. Sikuwa namcheka Dativa. Nilikuwa nimesikia neno langu mwenyewe linatoka kwenye kompyuta ya ndege. Ya muda! Nani katika wilaya hii amelitumia neno hilo kuliko mimi?

"Na huwa wanaiondoa kweli?"

"Wengine huipunguza," Dativa akasema. "Wengine huichanganya ndani ya nauli. Ukiangalia huioni tena, unaona nauli tu."

Jibu hilo nimelala nalo na kuamka nalo.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la sita. Aliugua muda mfupi, akatuacha na duka hili na kenta, lile lori dogo la kubebea ndizi na kahawa. Mwaka ule ule dizeli ikapanda. Kuna siku vituo vya hapa vilikuwa vikavu, na Rwegasira, dereva wetu, akawa anaifuata na madumu mpaka Kyaka. Nikapandisha nauli ya mkungu, nikapandisha ya gunia la kahawa, nikapandisha na ya mwenye mzigo anayekaa juu yake. Sikuona aibu na sioni hata leo. Gari haliendi kwa dua. Nikawaambia kina mama wa Rugera, vumilieni, ni ya muda.

Na nyumbani nikafanya hivyo hivyo. Nikakukataza mpira wa jioni, ukawa unakaa dukani na mimi. Nikakukataza kwenda na wenzako kukamata senene msimu wao ulipofika, kwa sababu niliogopa giza, niliogopa nyoka, niliogopa kila kilichokuwa na miguu na kisicho nayo. Redio ya baba yako nikaizima nikaifunika kitambaa. Idi ikaja ikapita hatukualika mtu. Ukicheka wakati wa kula nakutazama mpaka kicheko kinakukauka mdomoni. Nawe ulipouliza, nikakujibu ni ya muda, mpaka mambo yatakapokaa sawa.

Mambo yakakaa sawa, Idrisa. Hapo ndipo penye shida yangu. Dizeli ilishuka. Bei mpya ikatangazwa mwanzo wa mwezi, imeshuka, na mwezi uliofuata ikashuka tena. Duka likapata wateja. Nikaezeka chumba cha nyuma. Na huzuni nayo, Mungu anisamehe kwa kusema hivi, ilipungua. Kuna siku niliamka nikashangaa kwamba nimelala usiku kucha. Lakini sikushusha kitu. Nauli ya Rugera ikabaki juu, na wewe ukabaki huruhusiwi kucheka.

Siku moja, ulikuwa umeanza sekondari, ulinikuta napanga sabuni rafuni. Ukasimama, ukaniuliza, tena bila ujeuri hata chembe, "Mama, mambo bado hayajakaa sawa?"

Nikakuambia ukafunge mlango wa stoo.

Dativa alisema jambo jingine siku ile ambalo wewe hukulisikia kwa kuwa ulikuwa umeshageuza uso. Alisema yapo mashirika ya ndege yanayonunua mafuta kabla ya wakati, kwa bei ya kukubaliana, yakiogopa kwamba kesho itakuwa ghali zaidi. Nikamwambia, "Kumbe nao wanafanya butura!" Akacheka mpaka akashika meza, maana kwao walishaliwa sana na butura, tajiri anakuja kununua kahawa ya mkulima ingali maua mtini. Akasema, "Ndiyo hivyo mama, ila hapa ni mnunuzi ndiye anayeweza kuumia. Bei ya dunia ikianguka, wenzake wananunua rahisi, yeye amefungwa na ile ghali aliyokubali."

Basi mimi niliumia hivyo. Mwaka wa msiba nilinunua hofu ya miaka mingi mbele, yote kwa bei ya siku ile mbaya. Nilinunua hofu kwamba utakuwa mlevi, kwamba utafukuzwa shule, kwamba utakufa na homa, kwamba utanikimbia. Hata moja haikufika. Ulikuwa mtoto mwema kuliko nilivyostahili. Lakini nilikuwa nimeshainunua, na ghali, na kila siku nikawa nakudai wewe uilipie. Na kwa kuwa niliichanganya ndani ya nauli, ikafika mahali hata mimi sikuiona tena. Watu wakasema mama Idrisa ndivyo alivyo, mkali, hana mzaha na mwanawe. Wewe nawe ukaamini ndivyo nilivyo. Yule wa kabla ya msiba umeshamsahau, ulikuwa mtoto. Nilikuwa mtu wa kucheka sana, Idrisa. Muulize Rwegasira.

Sasa nije kwenye ile Jumamosi, maana najua unaikumbuka. Wakati wa likizo ulikuwa utingo wa Rwegasira, unakusanya nauli. Siku hiyo nami nilipanda, nikakaa mbele. Tulipofika Rugera, bibi Kokugonza, yule Mlutheri mwenye kibanja cha migomba chini ya kanisa, alikuwa ameweka mikungu yake kando ya barabara na amegoma kuipakia.

"Waitu, mama Idrisa," akaniambia kwa heshima ya kwao kupitia dirishani, "mafuta yameshuka. Hata mimi nina redio. Mbona nauli yako iko pale pale?"

Na mimi na mdomo wangu huu: "Bibi, nauli ikishapanda haina ngazi ya kushukia."

Watu wote barabarani wakaangua kicheko. Mwenye gari akisema utani, hucheka hata anayelipa. Kokugonza akatikisa kichwa, akapakia ndizi zake, akalipa. Wewe peke yako hukucheka. Ulipokea hela yake kwa mikono miwili, ukainamisha macho, na njia nzima ulikaa juu ya mzigo hukuteremka hata tuliposimama kununua muwa. Mimi huku mbele nilikuwa bado nafurahia ulimi wangu.

Miaka imepita, tumesimama mbele ya Dativa, naye anauliza kwa upole wake, "Kwenda tu, au kwenda na kurudi?"

Nikasema, "Kwenda na kurudi." Wewe ukasema, "Kwenda tu." Tulisema kwa pamoja, mpaka binti wa watu akatutazama mmoja mmoja. Akaeleza kwamba mara nyingi zikikatwa pamoja zinakuwa na nafuu. Ukarudia, "Kwenda tu, dada."

Nikakuuliza kwa nini.

"Mafuta yako juu, mama."

"Yatashuka."

Hukupaza sauti. Ulinitazama tu, ukasema, "Nauli ikishapanda haina ngazi ya kushukia."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema, mwanangu, hilo limenichoma, na pengine tungeanzia hapo. Lakini ulimi hauna mfupa, na wangu nadhani hata ngozi hauna. Nikakuambia radhi yangu utaikuta hapa siku utakayorudi. Dativa ni Mkatoliki, sijui kama kwao neno hilo lina uzito kama kwetu, lakini vidole vyake vilisimama. Wewe ulijibu, "Sawa, mama." Ukachukua karatasi yako. Kisha ukachukua na mkoba wangu, ukanibebea mpaka nyumbani, kama ulivyofanya siku zote. Mkoba ule uliniuma kuliko maneno yako.

Nitakuambia kweli. Usiku ule nilijiona nimeshinda. Nilikuwa nimeishika radhi yangu kama rehani: ukiitaka, urudi. Nikajiambia hata akikaa huko miaka mingi, hiyo itamvuta. Nikalala na ushindi wangu. Asubuhi ukanipa shikamoo yako, na nikaona kwamba huu si ushindi, hii ni tozo nyingine.

Nikarudi kwa Dativa peke yangu. Hukujua. Nilitaka kukukatia tiketi ya kurudi, nikutilie ndani ya sanduku bila kukuambia. Nilidhani nitaulizwa bei tu, na bei naijua kuibishia. Dativa akafungua kompyuta, akaniuliza, "Anarudi lini, mama? Nahitaji tarehe."

Sikuwa na tarehe. Nikaangalia ile kalenda yake ya ukutani nikijifanya natafuta mwezi mzuri. Akanieleza taratibu kwamba tiketi isiyotumiwa siku yake hupotea, au ubadilishe na ulipe ada ya kubadilisha na tofauti ya bei ya siku hiyo. "Mama," akasema, "si umuulize mwenyewe?" Nikasema nitakuuliza. Sikukuuliza. Niliogopa jibu, na hiyo ni hofu ya sasa, si ile ya butura.

Juzi nikapanda kenta mpaka Rugera. Kama sikuweza kuanza na wewe, nilitaka nianze mahali pepesi. Nikateremka pale chini ya kanisa, nikawaita kina mama, nikatangaza kwamba kuanzia leo nauli imeshuka, nikakokotoa kwa dizeli ya sasa, siyo ya mwaka wa msiba. Nilitegemea vigelegele, sikufichi. Kokugonza sasa anatembelea fimbo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya vizuri," akasema. "Mungu akubariki. Ila sisi tulishazoea pikipiki, mama Idrisa. Mjukuu wangu anapeleka mikungu miwili asubuhi, miwili jioni."

"Lakini kwangu sasa ni nafuu, bibi. Rudini."

"Nafuu tunaiona. Ila ulipokuwa juu, tulijifunza njia nyingine."

Hakusema kwa ubaya. Alinichumia hata ndizi mbivu za kula njiani. Tukarudi, bodi la kenta linagonga-gonga kwa utupu, na Rwegasira, ambaye unamjua hawezi kunyamaza, akasema, "Bosi, tumeshusha bei kwa gari lisilo na mtu. Si tuirudishe ilipokuwa, tuwabane hao wachache waliobaki?"

Nikamwambia aiache. Aliniuliza faida yake ni nini, nikakosa jibu la kumpa dereva. Nimelipata jana nikiwa napima sukari. Nauli inashuka kwa sababu mafuta yameshuka. Hiyo inatosha. Abiria akirudi, nitamshukuru Mungu. Asiporudi, haimaanishi nilikuwa na haki ya kuendelea kumtoza. Laiti ningelijua hilo siku uliyosimama mbele ya rafu ya sabuni.

Maana wewe nawe umejifunza njia nyingine, sivyo? Mwezi uliopita nilipita nyuma ya karakana yenu ya majokofu, nikasikia mtu anacheka ndani, kicheko cha kuvunja mbavu, kinachoanza chini kinapanda. Nikasimama. Kilikuwa kicheko cha baba yako kabisa. Nikachungulia, nikakuona wewe, umeketi juu ya friji bovu, unawasimulia wenzako kitu huku mikono yote inaruka. Sikuwa nimewahi kuuona uso huo. Jioni ukaja nyumbani, ukanawa, ukala, ukaniuliza kama nahitaji kitu, ukaenda kulala. Mtu mzuri, mpole, aliyejifunza kutokuwa na kicheko anapovuka kizingiti changu. Nililia, Idrisa. Nikasema ni moshi wa jiko.

Sikupi mawaidha. Nina moja tu, na nimelilipia. Siku utakapokuwa na nyumba yako, shida itakuja, na utapandisha kitu: sauti, au hofu, au utakaza mkono. Ni haki yako, shida ikija mtu hupandisha. Lakini waambie walio nyumbani ni kwa ajili ya nini, waione kwenye mstari wake, usiichanganye na wewe mwenyewe. Kisha kila mwezi ukae nao, uwaulize kama bado inahitajika. Wao watajua mapema kuliko wewe.

Jua linashuka, na muadhini ameanza kukohoa kwenye kipaza sauti kama kawaida yake. Utarudi sasa hivi na mfuko wa shangazi yako, na bila shaka ameongeza kitu kizito. Wacha nimalize.

Kesho alfajiri, gari likipiga honi, utafanya kama anavyofanya mtoto wa Kiislamu aliyelelewa. Utakuja kuniinamia, utashika mkono wangu, utaomba radhi, hata baada ya nililokuambia, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyo. Au pengine hutaomba, kwa sababu nilikuambia haipo mpaka urudi, na wewe si mtu wa kuomba mara mbili. Sitaki nikutie katika mtihani huo. Nakuomba mwanangu usiombe. Njoo unipe mkono tu. Mimi ndiye nitakayekuomba unisamehe, na kama hutaweza kunijibu pale mbele ya majirani na dereva, usijibu. Panda gari.

Radhi umeshaipata. Nimeitoa leo, hapa kaunta, kabla hujarudi kutoka Kituntu, bila kujua umeamua nini. Haina tozo ndani yake, nimeitazama mstari kwa mstari. Haikudai simu kila Ijumaa, wala hela ya kutuma, wala tarehe. Ikutangulie Bukoba, ikutangulie angani, ikutangulie huko kwenye joto la watu. Ukifanikiwa ni yako, ukikosea ni yako. Ukirudi ni yako.

Hata usiporudi ni yako. Sentensi hii niliiandika mwanzo nikaikata. Hapo juu, penye doa la wino, ndipo ilipokuwa. Nikatoka nje, nikarudi, nikaiandika tena.

Mama yako,
Mwanahawa